Kugusa Si Kuua



Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na dakika arobaini asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka mbele ya Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam. Karibu wakati uleule lori jingine lililipuka Nairobi. Katika mji wetu watu 11 waliuawa, na wengine zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu. Waliokusudiwa kupigwa ni Wamarekani. Lakini katika wale 11 waliokufa Dar es Salaam hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikufa walinzi, watumishi na watu wengine waliokuwa katika shughuli zao za kujitafutia riziki. Katika bustani ya Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wamewekewa kumbukumbu yao.

Tangu siku ile taifa letu limesikia milipuko mingine. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Hizo zilikuwa ajali za maghala. Lakini tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katikati ya waamini waliokusanyika kwa uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, Balozi wa Baba Mtakatifu akiwapo. Watu watatu walikufa na makumi kadhaa wakajeruhiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Juni, bomu jingine lililipuka katika mkutano wa kisiasa wa CHADEMA kwenye uwanja wa Soweto, jijini humohumo.

Kila mara maovu ya namna hii yanapotokea, watu huuliza, "Ni nani aliyefanya hivi?" Swali hilo ni la haki, na familia za marehemu zina haki ya kulipata jibu lake. Lakini liko swali la pili ambalo huulizwa na wachache, nalo ni hili: "Tutajuaje kwamba ni yeye?" Tume ya Haki na Amani haina budi kulishughulikia hili la pili, kwa maana hapo ndipo maskini wengi huokoka au huangamia.

Wengi hudhani kwamba mlipuko huteketeza kila kitu, hata pasibaki cha kuchunguza, na kwa hiyo waliobaki hawana njia ila kubahatisha, kutesa, au kuwashika watu wa dini fulani au wa visiwa fulani. Dhana hiyo si kweli. Mlipuko wenyewe hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Joto lake ni kali ajabu, lakini hupita upesi. Mara nyingi kinachoharibu ushahidi kuliko mlipuko wenyewe ni yale yanayofuata: moto, maji ya zimamoto, mvua, fagio, na miguu ya watazamaji. Katika kifusi hubaki vipande vya bati, vya plastiki, vya betri, vya nyaya na vya karatasi. Na juu ya vipande hivyo yaweza kuwapo alama ya kidole cha mtu aliyevishika kabla havijalipuka.

Alama hiyo si kitu cha kimiujiza. Ngozi ya ncha za vidole vyetu ina matuta membamba, na kwenye matuta hayo mna vinyweleo vinavyotoa jasho. Tushikapo kitu, jasho na mafuta ya ngozi huacha picha ya matuta hayo. Alama iliyo juu ya karatasi mtaalamu huipaka dawa iitwayo ninihidrini, ambayo hukutana na vitu vilivyomo katika jasho na kutoa rangi ya zambarau. Ikiwa juu ya plastiki au chuma laini, kipande huwekwa ndani ya sanduku lililofungwa pamoja na mvuke wa gundi ileile kali tunayoinunua madukani kwa kubandikia vyombo vilivyovunjika. Mvuke huganda juu ya alama, nayo huonekana nyeupe. Utepe wa gundi wa kufungia nyaya huwa na thamani ya pekee, kwa sababu tabaka zake za ndani zimefunikwa na za juu, na aliyeufunga mara nyingi huwa ameugusa upande wenye gundi. Hata masizi yanayokifunika kipande yakiondolewa kwa uangalifu, pengine chini yake hupatikana alama iliyosalimika.

Kazi hiyo hudai subira kubwa. Wachunguzi wenye ujuzi hutafuta kwanza kipande kilichorushwa mbali kuliko vyote, kisha huzungushia kamba eneo linalozidi umbali huo kwa nusu yake tena. Hupiga picha kabla ya kuinua chochote. Huvaa glavu, na kila kipande hukitia katika mfuko wake chenyewe, wakiandika mahali kilipookotwa, saa, na jina la aliyekiokota. Kilicholowa hukaushwa kwanza. Aidha, vipimo hufuata utaratibu, maana dawa ya kudhihirisha alama ya kidole yaweza kuharibu mabaki ya baruti au chembe za vinasaba. Tangu kifusini hadi mahakamani, kila mkono ulioupokea mfuko ule huandikwa. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza nani aliukata, na hakimu ana wajibu wa kumsikiliza.

Ndugu zetu wanaosoma kitabu cha Nabii Danieli hawatashangaa. Danieli alipotaka kuubaini udanganyifu wa makuhani wa Beli, hakumpiga mtu wala hakumtesa. Alitawanya majivu sakafuni, akafunga mlango, akangoja asubuhi. Na nyayo katika majivu zikaonyesha walioingia usiku kula sadaka. Katika kisa cha Susana kijana huyohuyo aliwatenga mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake, na mwanamke asiye na kosa akaponea chupuchupu kupigwa mawe.

Hata elimu ya alama za vidole tangu mwanzo wake ilikuwa na sura mbili, ya kumpata mkosaji na ya kumwokoa asiyekosa. Mwaka 1880 Henry Faulds, tabibu mmisionari kutoka Uskoti aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, aliandika barua katika jarida la Nature akipendekeza kwamba alama za vidole zitumike kuwatambua wahalifu. Katika barua ileile alieleza jinsi alama za vidole vyenye masizi juu ya ukuta mweupe zilivyosaidia kumwondolea mtu lawama. Sura hii ya pili ndiyo tunayopenda kuisahau.

Basi na tuelewe vema ushahidi huu unasema nini. Alama ya kidole husema kwamba kidole hiki kiligusa kitu hiki. Haisemi kiligusa lini. Haisemi kwa nia gani. Haisemi kama mwenye kidole alijua kitu kile kitatumika kwa kazi gani.

Jambo hilo kwa wakazi wa Kariakoo na Ilala si dogo. Bomu la mwaka 1998 halikuletwa na meli ya kivita. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyosomwa mahakamani New York, liliandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala, mwendo mfupi tu kutoka sokoni. Lori lililotumika, Nissan Atlas, lilinunuliwa hapahapa Dar es Salaam. Ndani yake ilitiwa mitungi ya oksijeni na asetilini, ya aina ileile watumiayo mafundi wetu wa kuchomelea. Fikirini sasa ni mikono mingapi hugusa mtungi mmoja wa gesi kabla haujamfikia mnunuzi wa mwisho: aliyeujaza, aliyeupakia, aliyeushusha, mwenye duka, mbeba mizigo, msukuma mkokoteni, dereva. Gunia moja Kariakoo laweza kupita mikononi mwa watu kumi kabla ya adhuhuri. Siku mtungi au gunia hilo likiokotwa vipande vipande katika kifusi, na alama ya kidole cha kuli ikaonekana juu yake, je, tutamwita mwuaji? Aligusa kwa sababu alilipwa agushe. Kama hana wakili, kama hana risiti, kama hamkumbuki aliyempa mzigo, kitu gani kitamwokoa isipokuwa uaminifu wa mchunguzi anayejua kwamba kugusa si kuua?

Wala tusidhani kwamba mitambo ya kisasa imeliondoa tatizo hili. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni za abiria mjini Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Ndani ya gari dogo lililoachwa karibu na kituo kimojawapo cha treni, polisi walikuta mfuko wa plastiki wenye fataki za kuwashia baruti, na juu ya mfuko huo alama ya kidole. Picha ya alama hiyo ilipelekwa kwa FBI, Marekani. Kompyuta ilitoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zinafanana nayo. Wataalamu watatu wenye uzoefu wakakubaliana kwamba ni ya Brandon Mayfield, mwanasheria wa jimbo la Oregon, Mwislamu. Polisi wa Hispania walijibu mwezi Aprili kwamba kwa maoni yao alama hizo hazilingani. Hawakusikilizwa. Tarehe 6 Mei Mayfield akakamatwa, na hata mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa kwa ajili ya utetezi, alisema alama ni yake. Tarehe 19 Mei Wahispania wakatangaza kwamba alama ile ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Siku iliyofuata Mayfield aliachiwa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Kosa lilikuwa wapi? Uchunguzi rasmi uliofanywa baadaye ulieleza kwamba alama za watu hao wawili zilifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini ulieleza pia kwamba wataalamu, walipokwisha kuiona alama safi ya Mayfield, walirudi kwenye alama hafifu ya mfukoni na kuanza kuona ndani yake yale waliyoyatarajia. Dini yake haikuwa chanzo cha kosa, lakini ilipokwisha kujulikana ilichangia kuwafanya wasilitazame upya suala hilo kwa bidii iliyostahili. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Jicho la mtaalamu nalo ni jicho la mwanadamu; likiambiwa mapema nini la kuona, litakiona.

Mwaka 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini mwetu, wengi walipanga foleni Kariakoo na kwingineko kubonyeza vidole vyao juu ya kioo cha mashine. Alama iliyobonyezwa kwa utulivu namna ile ni nzima na safi. Alama iokotwayo katika kifusi ni kipande tu: imekunjamana, imepakwa masizi, pengine ni nusu ya kidole. Kulinganisha hizo mbili si kazi ya kuachiwa mashine peke yake. Na kadiri hazina ya alama zilizohifadhiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wa kumpata mtu anayefanana, ambaye siye, unavyoongezeka.

Turudi nyumbani. Kutokana na mlipuko wa 1998, Mzanzibari mmoja alishtakiwa kwa mauaji ya wale watu 11. Alikaa mahabusu tangu mwaka ule hadi Desemba 2004, ambapo Mahakama Kuu ya Tanzania hapa Dar es Salaam ilimwachia huru kwa kuwa upande wa mashtaka haukulithibitisha kosa. Miaka sita! Hatulaumu mahakama kwa kumwachia, bali twaisifu. Twauliza tu kama kazi ya kifusini na ya maabara ilistahili kungojewa na mtu aliye nyuma ya nondo kwa muda wote huo.

Mwingine, Khalfan Khamis Mohamed, naye Mzanzibari, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akahukumiwa kifungo cha maisha mjini New York mwaka 2001. Wa tatu, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, waendesha mashtaka walitaka kumleta shahidi muhimu, mtu wa kutoka Tanzania, ambaye wangeeleza kwamba alimwuzia mshtakiwa baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo, kwa sababu alijulikana kutokana na maneno yaliyotolewa na mshtakiwa kwa kushurutishwa. Baraza la wazee wa mahakama likamwona Ghailani hana hatia katika mashtaka yote zaidi ya 280, isipokuwa moja la kula njama. Kwa hilo moja alifungwa maisha mwezi Januari 2011.

Wako waliokasirika wakasema jaji amewapendelea wauaji. Sisi twasema kinyume chake. Waliomshurutisha mshtakiwa gizani ndio walioliziba lile shimo la ushahidi ambalo lingewafaa wajane na yatima wa Dar es Salaam. Mateso hayaongezi ukweli. Huutia sumu, hata ule uliokuwamo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6), yakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika, na yakataza kumtesa mtu yeyote. Makatazo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya siku za amani peke yake.

Yatupasa kutazama pia mazoea yetu wenyewe. Tuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Yaweza kuwa onyo jema kwa wazazi, lakini haifai kuwa kanuni ya hukumu, na mashahidi wangu ni wauza samaki wa Feri, jirani zetu wa Magogoni. Mama anayenunua samaki pale hamwagi tenga zima kwa sababu ya mmoja. Hufunua shavu la kila samaki akatazama wekundu wake. Tena twasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Baada ya mlipuko husemwa mengi: kwamba ni Waislamu, kwamba ni Wapemba, kwamba ni wageni wa mtaa wa pili. Mkristo anayeyabeba maneno hayo kutoka Kariakoo hadi jumuiyani kwake amekwisha kutoa hukumu, ilhali kifusi bado kina moto.

Basi, viongozi wa jumuiya, tunawaomba haya.

Kwanza, uhai hutangulia ushahidi. Aliyejeruhiwa aokolewe hata kama kwa kumwokoa vitu vitavurugika. Baada ya hapo ondokeni, na kuwaondoa wengine. Msiokote kipande kwa ukumbusho, msifagie, msihamishe gari wala kiatu. Mbagala na Gongo la Mboto zilitufundisha pia kwamba kipande kilicholala kimya chaweza kulipuka mkononi mwa mtoto.

Pili, aliyegusa aseme amegusa. Mwokoaji, mwenye nyumba, mbeba mizigo, wote wajitokeze ili alama zao zichukuliwe na kutengwa na zile zinazotafutwa. Na polisi, kwa upande wao, wawapokee kama mashahidi. Mtu akijua kwamba kusema kweli kutamlaza rumande, atanyamaza, na ukweli utanyamaza pamoja naye.

Tatu, msimpige mtuhumiwa, wala msisimame kando mkitazama akipigwa. Maiti ya mtuhumiwa haitoi ushahidi. Aliyekamatwa ulizeni yuko kituo gani, ndugu zake wamejulishwa, ana wakili. Maswali hayo yaulizwe kwa heshima, tena yaulizwe kwa sauti ileile awe anaitwa Yosefu au Yusufu.

Nne, tudai kwa wenye mamlaka kwamba Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na wachunguzi wa kisayansi wa Jeshi la Polisi wapewe vifaa, mafunzo na muda. Kwamba anayelinganisha alama asiambiwe jina wala dini ya anayeshukiwa. Na kwamba mtaalamu wa pili aipime kazi ya wa kwanza bila kujua jibu lake. Haya yana gharama. Lakini kumfunga asiyehusika kuna gharama maradufu, kwa kuwa mwenye hatia hubaki mitaani.

Wale 11 hawatarudi, wala wale watatu wa Olasiti. Deni letu kwao ni kwamba atakayeadhibiwa kwa ajili yao awe ndiye aliyewaua. Majengo ya Mahakama Kuu yako hapo Kivukoni, hatua chache kutoka sokoni Feri, na kila asubuhi karandinga huwashusha watu mlangoni. Wengine wao wameua. Wengine waligusa tu. Kuwatenganisha hao wawili ni kazi ya mwenye subira, nayo huanza siku ya kwanza, chini, kwenye vumbi, kwa yule aliyeombwa asikanyage naye akakubali kusogea kando.